Foki ya Hamisi

Hamisi: Shikamoo ba'mdogo. Nabadilisha foki inayoshika gurudumu la mbele la baiskeli yangu ya safari, ya breki za diski. Kuna ya kaboni gramu 550, na ya chuma cha kromoli kilo 1.15. Moyo uko kwa nyepesi 😄

Ba'mdogo: Marahaba. Mbele unabeba nini?

Hamisi: Mabegi mawili kwenye keria, kilo 5 kila upande.

Ba'mdogo: Hiyo ya kaboni wameandika ibebe mwisho kilo ngapi?

Hamisi: Kilo 3 kila mguu...

Ba'mdogo: Haya.

Neema: Si afunge keria kwa klampu tu?

Ba'mdogo: Klampu juu ya kaboni? Thubutu! Inaminya, nyuzi za ndani zinakatika, nje rangi inang'aa vilevile.

Neema: Kumbe. Yangu ilisuguliwa na ndoano ya begi. Nilipoipangusa kitambaa kikatoka na unga mweusi wa kaboni. Sijaipanda tena.

Musa: Lakini chuma si ndicho kinanesa vizuri, mikono haichoki?

Ba'mdogo: Hiyo ni enzi za breki za ringi, zinabana juu kwenye mabega ya foki. Diski inakaba chini karibu na ekseli, tena mguu wa kushoto peke yake. Mguu mwembamba ungejipinda kila ukifunga breki, kwa hiyo wanaunenepesha. Foki ya chuma ya diski ni ngumu, tusidanganyane. Ulaini utafute kwenye tairi pana.

Musa: Sasa chuma cha nini?

Ba'mdogo: Kikizidiwa, mara nyingi kinapinda kwanza, unaona kwa macho. Kaboni inaweza kukatika ghafla.

Shangazi: Hamisi nunua hiyo inayopinda. Mengine siyajui 😂

Hamisi: Sawa shangazi 🙏

Ba'mdogo: Kabla hujalipa, pima toka katikati ya ekseli hadi inapokaa beringi ya chini ya shingo. Ikipungua milimita 20 kuliko ya zamani, pembe ya mbele inasimama zaidi kwa kama digrii 1 na usukani unakuwa na kiherehere.

Hamisi: Ya zamani 395. Chuma 397. Kaboni 375 🙈

Ba'mdogo: Na ekseli?

Hamisi: Ya chuma inataka ya kupenya, milimita 12. Habu yangu, kile kitovu cha gurudumu, ni ya kiwiko cha kukaza haraka.

Ba'mdogo: Basi shughulikia habu kwanza. Baadhi ya habu zinabadilishwa vifuniko vya pembeni tu, ifungue yako uangalie.

Hamisi: Nashuka nayo sasa hivi.