Naomba ushauri: nyuzi za besi ya nyuzi 6

Wakuu, naombeni msaada. Gitaa langu la besi ni la nyuzi 6, nalitunia B-E-A-D-G-C, na kutoka nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi mwishoni mwa shingo) hadi briji (nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa) ni inchi 34. Kinachonisumbua ni ule uzi wa B ya chini. Nimefunga wa unene wa inchi .125 na umelegea mno: nikiupiga kwa nguvu unagonga freti (vile vyuma vya shingoni), noti haisikiki vizuri, unabaki mvumo tu. Noti yenyewe iko chini sana, karibu na hezi 31 (mitetemo 31 kwa sekunde), kwa hiyo mkazo ni muhimu sana. Nafikiria .130 au .135, ila nahofia shingo itavutwa na mfereji wa nati hautautosha. Napiga kwa vidole. Nikeli au chuma? Na waliotumia nyuzi zilizopunguzwa unene upande wa briji, je, B inasikika safi zaidi?