Kamera gani ya bei nafuu inafaa kuanzia picha za nyota?

Mlinzi wa Usiku: Wakuu, salaam. Nataka kuanza kupiga picha za anga la usiku: Njia Nyeupe (Milky Way), na makundi ya nyota kama Kilimia, Jabari na wenzake. Mfuko wangu haujanona, kwa hiyo kamera mpya za sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) tuziweke pembeni. Nimepata Nikon D5300 iliyotumika pamoja na lenzi yake ya 18-55mm, na mtu mwingine ana Sony a6000. Nichukue ipi? Megapikseli zina maana kwenye kazi hii?

Fundi Lenzi: Zote mbili zina 24, usizihangaikie. Ningekuwa wewe ningebeba D5300, maana inajipigia picha mfululizo kwa vipindi unavyoipangia bila kununua rimoti, na lenzi za zamani za Nikon zimejaa sokoni. Kwa mfano 50mm f/1.8D (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi): haina mota, kwa hiyo kwenye D5300 haitafokasi yenyewe, na ndiyo maana wengi huikwepa. Wewe utafokasi kwa mkono tu, inakupunguzia nini? Ikiwa wazi kabisa inaingiza mwanga karibu mara nne ya hiyo 18-55, ambayo inaishia f/3.5. Ila inaona eneo dogo la anga. Jabari inamtosha, Njia Nyeupe utarudi kwenye 18mm.

Muda wa shata, yaani muda kamera inaoacha mwanga uingie: zidisha 18 ya lenzi kwa 1.5 (kwa sababu ya udogo wa sensa ya D5300), kisha gawa 500 kwa jibu hilo, unapata kama sekunde 18. Kwa 50mm ni sekunde 6 hivi. Ukizidisha, nyota zinageuka vistari, kwani dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) anzia 1600 au 3200, na upige RAW, yaani faili ghafi ya kuhariri baadaye.

Bi Mshale: Mbona hakuna aliyetaja tripodi? Tripodi inayoyumba itaharibu picha ya kamera yoyote ile. Punguza kwenye kamera, ongeza hapo.

Kipima Mwanga: Kabla ya kulipa, funika lenzi kwa kifuniko chake, weka ISO 3200, piga sekunde 20, kisha ikuze picha uitazame. Vidoa vichache vya rangi ni kawaida, vikitapakaa kote achana nayo. Halafu mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu.

Kaka Mwandamo: Simu yenye hali ya usiku haimtoshi kwanza?

Fundi Lenzi: Kuonja, sawa. Akitaka kuhariri kwa undani, sensa ya simu itamchosha mapema.

Mlinzi wa Usiku: Shukrani wakuu, D5300 na tripodi imara. Swali dogo: gizani nafokasi vipi?

Bi Mshale: Zima otofokasi. Washa skrini, tafuta nyota inayong'aa sana, ikuze kwenye skrini, zungusha ringi ya fokasi ya lenzi taratibu mpaka iwe kinukta kidogo kuliko vyote. Bandika selotepu kwenye ringi isisogee. Na uchague usiku usio na mwezi.