MJADALA: Profesa alostaafu apewe darsa tu, au apewe na kura?

Mwana wa Kikwajuni (mwenye mada)

Assalaam alaykum wana baraza. Leo nataka tulizungumze hili kwa utulivu maana kila nikilianzisha kwenye kahawa linaishia watu kutajana majina, na mi majina sitaki, hata la chuo sitaki.

Habari yenyewe ni hivi. Vyuo vyetu vichanga bado. Zanzibar University na kile cha Chukwani ambacho sasa ndo SUMAIT vyote vya 1998, SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, sheria yake ya 1999 na wanafunzi wa mwanzo wakaingia 2001. Sasa piga hisabu, mwalimu aloingia mwaka huo ana miaka 35 leo ndo yuko mlangoni anatoka, kwa sababu mtumishi wa Serikali hapa kwetu 60 ikifika basi. Kwahiyo hili wimbi la wastaafu wa chuo kikuu ndo kwanza linatufikia, na mi naona tunakwenda nalo kwa kujuana tu.

Kuna mzee anastaafu leo kesho ana kontrakti ya mwaka, kisha nyengine, kisha nyengine, kamati zote bado yumo, ofisi ile ile na ufunguo ule ule, na kijana alotarajiwa kushika idara anaambiwa subiri kwanza mzee yupo. Na kuna mzee mwengine elimu ile ile, pengine kampita, lakini hakuwa na mtu huko juu, huyo akifika getini askari anamuuliza "unamtaka nani mzee?" Wallahi hili nimeliona kwa macho yangu. Mwalimu alonisimamia tasnifu yangu, kasimama juani na bahasha mkononi mpaka nikatokea mimi nikamwambia askari huyu ndie alofungua idara. Kijana wa watu hakuwa na kosa, daftari lake lina wafanyakazi, wanafunzi na wageni, na mzee hakuwemo kokote.

Mi mfano wangu ni wa msikitini. Shekhe anaetoa darsa baina ya magharibi na isha hastaafu. Akizeeka analetewa kiti, macho yakichoka mwanafunzi anamsomea kitabu na yeye anafasiri, na sijamsikia mtu akamwambia shekhe umri wako umefika. Lakini kamati ya msikiti ni watu wengine, bili ya umeme na mazulia ni watu wengine, na shekhe mwenyewe wala hataki kuulizwa mambo hayo. Basi na profesa tumfanyie hivyo. Apewe darsa, apewe wanafunzi wa uzamili awasimamie, kadi ya maktaba iwe yake mpaka anakufa, imeili yake isifungwe siku alochukua kiinua mgongo. Kura ya Seneti, lile baraza kuu la taaluma la chuo, na kamati za kupandishana vyeo, hizo awaachie walobakia. Mnaonaje?

Mchumi wa Mwera

Mfano wa msikiti mzuri lakini msikiti haukaguliwi na TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, ndugu yangu. Chuo kikitaka kufungua shahada ya uzamili au uzamivu swali la mwanzo ni walimu wenye PhD mnao wangapi. Mtoe mzee mmoja tu na programu nzima inayumba. Bara walishaliona hili, maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma wakasogezewa mpaka 65, hawakufanya vile kwa huruma, walifanya kwa sababu watu hawapo. Na hizo kamati za vyeo unazosema, anaeomba uprofesa ahukumiwe na nani, mhadhiri msaidizi? Chuo kina maprofesa wa kuhesabika kwa vidole na wewe wataka kuwatoa nusu.

Mwana wa Kikwajuni

Mchumi, mi sijasema watolewe chuoni. TCU wanaangalia nani anafundisha na nani anasimamia, kura haiongezi kitu pale. Na kazi za mtu anaetaka uprofesa zinapelekwa kusomwa na maprofesa wa vyuo vyengine, ndo utaratibu. Bora zisomwe na mtu wa Dodoma asiemjua kuliko mzee ambae alimfundisha mwombaji, kisha akamuozesha, kisha leo anakaa kumpima. Zanzibar ndogo hii jamani.

Bint Wete

Nyote mnaogombana mko Unguja, nshaona. Huku kwetu Pemba iko kampasi ya SUZA Mchanga Mdogo, na wazee wa Kipemba wakistaafu huko mjini wengi wanarudi kwao. Mi nna jirani yangu Wete ana PhD yake, kutwa yuko barazani anaamua kesi za mbuzi walokula muhogo wa watu. Hukumu zake nzuri sana hilo sikatai ila jamani! Huyu si wa kumfuata tu na kumwambia mzee tushikie somo moja kila semista, meli hapandi, nyumba hapangi. Hamna anaemuuliza kwa sababu anaekumbukwa ni yule anaeonekana koridoni.

Na jengine ambalo nyie wanaume hamtolisema. Wanaostaafu uprofesa sasa hivi karibu wote wanaume, wanawake ndo kwanza tunapanda. Kila kiti ambacho mzee anakibakiza ni kiti ambacho mwanamke anakisubiri, nikisema hivi nitaambiwa sina adabu, haya.

Mzamiaji

Niko nje huku naomba niseme. Marekani tangu 1994 profesa alothibitishwa halazimishwi kustaafu kwa umri, anaondoka akitaka. Na Uingereza pale Oxford lile baraza lao kubwa kabisa wanaloliita Congregation, mtu akistaafu anabaki na kura yake mpaka atimize 75. Ni miongoni mwa vyuo vikongwe duniani na hakijaanguka kwa kura za wazee. Mwana wa Kikwajuni kwanini sisi tuwaogope wetu?

Mwana wa Kikwajuni

Hapo umenipata kidogo, hilo la Oxford nakubali. Ila Congregation ina watu zaidi ya elfu tano, wastaafu wakiwamo ni chumvi ndani ya bahari. Seneti zetu hizi zinaenea koasta moja, ukitaka kuzijaza sana mbili. Wazee sita wakikaa upande mmoja hapo pana chuo ndani ya chuo. Na hao Wamarekani wenyewe, yule wanaempa jina la emeritasi, yaani profesa mstaafu wa heshima, kwa kawaida idarani hapigi kura, baadhi ya vyuo vina kiti kimoja tu cha mwakilishi wa wastaafu kwenye seneti. Kiti kimoja mi sina neno nacho, tena kiwe cha kuchaguana wenyewe, asiteuliwe na mkubwa.

Halafu tizameni watu wetu. Issa Shivji kastaafu sheria pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, 2006, na 2008 akakaa Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kile kiti cha uprofesa hapo hapo chuoni, akatikisa nchi kwa mihadhara bila ya kuwa na idara wala faili la mtu. Abdul Sheriff nae, yule mwanahistoria, alipotoka Mlimani akarudi kwao akashika makumbusho yetu, Beit al-Ajaib ile ilokuja kuporomoka upande mmoja 2020, kisha akasimamisha taasisi ya utafiti wa Bahari ya Hindi. Kura ipi walikuwa wanaihitaji hao?

Mchumi wa Mwera

Umetaja majabali mawili. Si kila mstaafu atapewa kigoda, Kikwajuni. Wengine wakitoka hawana pa kwenda, na hapo ndo kontrakti inapotafutwa kwa udi na uvumba.

Mstaafu wa Tunguu

Waalaykum salaam wanangu. Nimekaa kimya nawasoma, mnatujadili kama mirathi na wenyewe tuko hai.

Mchumi kagusa penyewe. Kontrakti tunaikimbilia kwa njaa, madaraka wengi wetu tulishayachoka. Siku moja uko kwenye mshahara wa profesa, mwezi wa pili uko kwenye pensheni na bado una mtoto wa mwisho anasoma. Na kamati ina posho. Darsa peke yake hailipi, anaeshika somo kwa saa hupewa kitu ambacho nikishatoa nauli na vocha naona haya kukitaja. Ndo maana mzee anang'ang'ania kikao, pale anapata bahasha na chai. Sasa kama mwataka aache kura basi somo lilipwe kama somo, sio kama sadaka. Mi kwenye Seneti miaka ya mwisho nilikuwa nasinzia, Mungu anisamehe, kura yangu nilikuwa namtizama jirani kanyanyua mkono na mi nanyanyua.

Na kingine sio pesa. Nna boksi la kaseti, wazee wa Makunduchi na Tumbatu nilowarikodi miaka ya themanini wanazungumza lahaja zao, Kikae kile cha zamani ambacho wajukuu zao hawakisemi tena, na ngano na nyimbo za ngalawa. Wote wameshatangulia mbele ya haki. Nilizipeleka mahala, mahala penyewe sipataji, nikaambiwa mzee acha hapo kaunta tutakupigia. Nikazichukua nikarudi nazo kwenye daladala nimezipakata. Mwaka wa pili huu wa kusubiri simu.

Bint Wete

Subhanallah. Mzee wangu za Kipemba humo zimo?

Mstaafu wa Tunguu

Mbili, za Micheweni. Moja utepe umetafunwa.

Mwana wa Kikwajuni

Shikamoo mwalimu. Ile hoja yangu ya darsa nairekebisha basi, darsa na malipo yake, na hili la pesa nakiri sikulipa uzito maana mi bado niko kwenye mshahara. La kura nimebaki nalo pale pale.

Kaseti usizipeleke tena kaunta wala uvunguni usiziweke, huu ukungu wa masika unazila. Redio ya kaseti ya marehemu baba ninayo na inafanya kazi, na utepe ulotafunwa mara nyengine unaungika. Jumamosi baada ya alasiri nakuja na waya wa kuziingiza kwenye kompyuta, nitumie namba yako pembeni unielekeze nyumba. Bint Wete hizo za Micheweni nitakutumia wewe kwanza utwambie wanasema nini, Kipemba cha ndani kinanishinda.