Jora la kilimo hai: GOTS, OCS au pamba ya kawaida ya bara?

Cherehani_Mlandege: Assalaam alaykum wadau. Kwa nguo za kuuza mahotelini, tuchukue jora la India lenye GOTS (cheti cha kimataifa cha nguo za kilimo hai), la OCS Blended (cheti chengine, cha nyuzi za kilimo hai zilizochanganywa na nyengine), au pamba ya kawaida kutoka viwanda vya Tanzania bara? Kwa mkono zote sawa.

Mtande: Waalaykum salaam. Mkono hautakwambia, hata kiberiti. Uzi wa pamba ukiuchoma unanuka karatasi na kuacha jivu laini. Ukiona kishanga cheusi kigumu, mna polista. Kilimo hai hakionekani kwa moto, kinafuatwa kwa karatasi tu. GOTS ina madaraja mawili: nyuzi za kilimo hai 95% au zaidi, na 70% au zaidi. OCS 100 inaanzia 95%, lakini OCS Blended hata 5% inapita! Tena OCS inafuata nyuzi peke yake, haina habari na rangi wala dawa za kiwandani. GOTS inakagua rangi, maji machafu na hali za wafanyakazi. Hiyo Blended mie naiona ni kutupa pesa.

Chake_Jumla: Hata bara ipo. Meatu, mkoani Simiyu, kampuni ya bioRe wamo kwenye pamba ya kilimo hai tangu 1994. Funza wa vitumba wanamvuta kwa alizeti zinazopandwa shambani, wakisaidiana na mwarobaini. Kasoro ni kwamba nyuzi nyingi za Tanzania hutoka nchini zikiwa marobota, kwa hiyo jora lenye cheti aghalabu linaturudia kutoka nje.
Na pamba yoyote, angalia mistari myeupe kwenye kitambaa kilichotiwa rangi. Mkulima akivunia kwenye mapolo (magunia) ya plastiki, vipande vya polo huingia kwenye pamba, vinasokotwa humo humo, na rangi haivishiki. Hapo cheti hakikusaidii kitu.

Cherehani_Mlandege: Jee, nikinunua la GOTS naweza kutia lebo yake kwenye gauni?

Mtande: Huwezi, dada. Kushona nako ni hatua ya uzalishaji, kwa hiyo karakana isiyo na cheti inakata mnyororo wa vyeti. Hata kuandika "kitambaa cha GOTS" kwenye lebo hairuhusiwi. Kama hoteli inadai lebo, kashonewe kwenye karakana yenye cheti.

Dukani_Darajani: Na usikubali cheti cha kiwanda peke yake. Hicho kinasema kiwanda kinaweza kutengeneza vitu vya GOTS, hakisemi kuhusu jora lako. Dai cheti cha mauziano cha mzigo wenyewe, chenye uzito na jina la mnunuzi. Mwaka 2020 GOTS wenyewe waligundua India pamba kiasi cha tani 20,000 iliyothibitishwa kwa udanganyifu.

Chake_Jumla: Kama hoteli haidai lebo, mie nachukua pamba safi ya bara, ila ipimwe kwanza. Chora mraba wa sentimita 50 kwa 50, fua kwa maji moto, anika, piga pasi, pima tena. Ukikuta 47, imerudi (imepungua) 6%. Pima urefu na upana mbali mbali; urefu ndio unaorudi zaidi, maana mtande, yaani nyuzi za urefu, hufumwa umevutwa. Na kitambaa kipya kikiwa kigumu, dondoshea ayodini: ikigeuka buluu nyeusi, uzito unaoushika una wanga ndani yake. Fua kwanza ndipo ukate.