Tupeane uzoefu: Mapishi mepesi ya kupika na watoto, na kazi anayoifanya mtoto mwenyewe

Mwanzilishi wa mada

Habari zenu wazazi na walezi. Naomba tupeane uzoefu kuhusu mapishi mepesi ambayo kila mmoja wetu amewahi kupika pamoja na watoto, ila nina ombi moja: tueleze kile ambacho mtoto alikifanya kwa mikono yake, si kile ambacho mzazi alikipika huku mtoto amesimama pembeni na kijiko kitupu. Nimeona kwamba watoto hutambua upesi tofauti kati ya kazi ya kweli na kazi ya kupewa ili wasisumbue, na mtoto aliyekabidhiwa kazi ya kweli hukaa jikoni hadi chakula kinapoiva.

Nianze mimi. Mwanangu wa miaka minne alianza na saladi ya matunda, kwa kuwa haihitaji moto na ndizi mbivu au papai laini hukatika hata kwa kisu butu cha mezani. Kazi yake mahususi ni limau. Siku ya kwanza tuliweka vipande viwili vya tufaha kwenye sahani, kimoja tukakipaka maji ya limau na kingine tukakiacha hivyo hivyo, kisha tukaendelea na matunda mengine. Kile kilichoachwa kilianza kugeuka rangi ya kahawia, na kilichopakwa kikabaki cheupe. Nilimweleza kwamba ndani ya tufaha kuna kimeng'enya ambacho, nyama ya tunda ikikatwa na kukutana na oksijeni ya hewani, huleta ile rangi, na kwamba ukali wa limau hukizuia. Sijui alielewa kiasi gani, lakini tangu hapo hakuna saladi inayofika mezani nyumbani kwetu kabla yeye hajakamua limau lake na kuigeuza bakuli nzima.

Karibuni, na tafadhali tajeni umri wa mtoto na vipimo.

Baba wa binti wa miaka sita

Asante sana mama kwa mada hii. Sisi tunaoka biskuti ambazo vipimo vyake ni moja, mbili, tatu: sehemu moja ya sukari, mbili za siagi na tatu za unga wa ngano, zote kwa uzito. Kwa hiyo tunachukua gramu 100 za sukari, gramu 200 za siagi na gramu 300 za unga, pamoja na chumvi kidogo sana. Naipenda kwa sababu mtoto anayejua kuhesabu anaibeba yote kichwani bila karatasi, na akiambiwa kwamba leo siagi iliyopo ni gramu 100 tu, anaweza kukaa akafikiri na kukwambia mwenyewe sukari na unga vipungue hadi kiasi gani.

Mizani ni yake. Humimina unga kwa kijiko kikubwa hadi namba inapokaribia 300, kisha anabadilisha na kushika kijiko cha chai, na namba ikipita, anachota unga na kuurudisha kwenye mfuko kidogo kidogo, pumzi ameizuia. Hapo mimi sisemi neno. Siagi nayo huipima kwa kidole: kidole kikiacha shimo bila kuzama, imelainika vya kutosha. Anaisaga pamoja na sukari kwa mwiko, anaongeza unga, na mwisho anakusanya donge kwa mikono.

Donge likae kwenye jokofu nusu saa. Msiruke hatua hiyo, kwa sababu siagi iliyolegea huyeyuka upesi ndani ya oveni kabla unga haujashikamana, na biskuti hutandaa na kupoteza maumbo ambayo mtoto ameyakata kwa bidii. Baada ya hapo donge husukumwa hadi unene wa nusu sentimita, likakatwa na kuokwa kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa takriban dakika 12, au hadi kingo zianze kuwa na rangi ya dhahabu. Kuingiza na kutoa trei ni kazi yangu peke yangu. Biskuti zikitoka huwa laini na hukaza zinapopoa, jambo ambalo mtoto ni vyema alijue mapema, asije akadhani hazijaiva.

Neno moja kuhusu kulamba donge. Hata kama halina yai, tumekubaliana kwamba haliliwi bichi, kwa sababu unga wa ngano haupikwi unaposagwa na unaweza kubeba bakteria kama E. coli. Nikigundua kwamba hamu imemzidi, humkatia kipande cha tunda aendelee nacho huku akifanya kazi.

Mlezi wa watoto wadogo

Mimi hulea watoto wa miaka miwili na mitatu, na ningependa wenye watoto wa umri huo wasivunjike moyo. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuosha matunda kwenye beseni, kuchambua majani ya mboga, kumwaga maji yaliyokwisha kupimwa, na zaidi ya yote anaweza kuponda. Pishi letu ni pankeki ndogo za ndizi moja iliyoiva sana na mayai mawili, basi. Mtoto anaponda ndizi kwa uma ndani ya bakuli zito lililowekwa juu ya kitambaa kibichi ili lisiteleze, mimi navunja mayai, tunachanganya, nami nakaanga kwa moto mdogo. Zitengenezwe ndogo, zisizidi kiganja cha mtoto, kwa kuwa hazina unga wa kuzishikilia na zikiwa pana hukatika wakati wa kugeuza.

Mtoto asimame kwenye kigoda imara kisichoyumba, au akae sakafuni kwenye mkeka safi na bakuli lake. Kwa walio wadogo kabisa naona sakafuni ndiko kunakofaa zaidi. Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kuanza, na tena kila anapogusa yai bichi.

Katika saladi ya matunda iliyotajwa hapo juu, zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne, maana zabibu nzima huweza kuziba koo la mtoto mdogo. Karanga nzima na bisi nazo zisubiri. Na kama kuna mtoto mchanga nyumbani, asionjeshwe chochote chenye asali kabla hajatimiza miezi 12, kwa sababu asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuzidhibiti.

Mama wa mtoto anayechagua chakula

Langu ni fupi. Mwanangu wa miaka mitano alikuwa hagusi chochote cha kijani. Nilimpa kazi ya kumenya njegere, bila kumwambia azile na bila kumsifia alipoanza kuzitafuna mbichi moja moja. Inajulikana kwamba mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara kumi au zaidi kabla ya kukikubali, nami naamini kukimenya, kukinusa na kukiosha ni namna ya kukutana nacho isiyo na shinikizo la sahani. Sasa anakula njegere na maharage ya kijani. Mchicha bado.

Bibi wa wajukuu

Wanangu, nimefurahi kuwasoma. Mimi na wajukuu zangu tunaoka mkate, na mkubwa wao ana miaka minane. Watu wengi huuogopa mkate kwa sababu ya muda, ilhali muda mwingi ni wa unga kukaa peke yake, na watoto wako huru kwenda kucheza na kurudi.

Tunatumia gramu 500 za unga wa ngano, gramu 7 za hamira kavu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta na mililita 300 za maji ya uvuguvugu. Maji ndiyo somo lenyewe. Hamira ni viumbe hai. Maji baridi huichelewesha, na maji ya moto huiua. Namfundisha mjukuu adondoshe maji upande wa ndani wa kifundo cha mkono: asipohisi joto kali wala ubaridi, yanafaa. Kisha hamira inatiwa kwenye maji hayo pamoja na sukari kidogo, na tunaisubiri. Zikipita dakika kama kumi povu linapanda juu na harufu inabadilika. Wale watoto huinamisha nyuso zao hadi pua zinakaribia kugusa bakuli, wakitafuta vipovu, na aliyekiona cha kwanza hutangaza nyumba nzima. Povu lisipotokea, hamira imekufa, na ni heri kulijua hilo kabla ya kuumwaga unga.

Kukanda nawaachia wao kabisa, kwa zamu, dakika kumi kwa jumla. Mwanzoni donge linanata na watoto huomba unga zaidi; msiwape mwingi, kwa sababu likiendelea kukandwa lenyewe hukaza na kuwa laini, na unga ukizidi mkate huwa mgumu. Donge likifunikwa na kuumuka kwa takriban saa moja, kila mtoto hupewa kipande chake, akakifinyanga kobe, konokono au herufi ya jina lake, kikaachwa kiumuke tena kidogo, kisha kikaokwa kwa nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 20. Nawasihi msiyanyooshe maumbo yao. Kobe atatoka amevimba upande mmoja, lakini aliyemfinyanga anamtambua kati ya wote.

Baba wa pacha

Shikamoo bibi. Nitajaribu kobe hao, kwa sababu pacha wangu wa miaka saba wanataka kila kitu kiwe na sura.

Kwetu kilichopendwa kuliko vyote ni kutengeneza siagi. Unahitaji krimu yenye mafuta mengi, angalau asilimia 30, na chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko kinachokaza. Jaza krimu hadi nusu ya chupa, isizidi, kisha tikisa. Inafaa sana kwa watoto wawili wenye nguvu nyingi, maana hutikiswa kwa zamu kwa dakika 10 hadi 20. Kwanza utasikia mchapo wa kimiminika; baadaye sauti inapotea kabisa, kwa kuwa krimu imekuwa nzito na imejaa hewa, na hapo ndipo watoto hudhani imeharibika na kutaka kuacha. Waendelee. Ghafla sauti inarudi, na ukiangalia ndani unaona donge la manjano likigonga kuta za chupa katikati ya maji meupe. Vitone vya mafuta vilivyokuwa vimetawanyika ndani ya krimu vimegongana hadi utando unaovitenga ukapasuka na vikashikana.

Donge lioshwe kwa maji baridi huku likikandamizwa kwa kijiko hadi maji yatoke safi, kwa sababu maziwa yanayobaki ndani huifanya siagi ichache mapema. Tia chumvi kidogo. Ule umaji uliobaki msiumwage. Unafaa kuchanganyia pankeki.

Muuguzi na mama wa watatu

Naomba niongeze kuhusu moto, kwa sababu hapa wengi tumeuzungumzia kwa kupita. Mpini wa kikaango uelekezwe ndani, mbali na ukingo wa jiko, wakati wote. Mtoto akiungua, eneo hilo lipozwe mara moja kwa maji ya bomba yanayotiririka, yawe ya baridi ya kawaida na si barafu, kwa dakika 20. Msipake siagi, mafuta, dawa ya meno wala unga. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto, au likiwa usoni, mikononi au limetoa malengelenge, apelekwe hospitalini.

Pishi letu la moto ni bisi, kwa walio juu ya miaka mitano. Mtoto anapima robo kikombe cha mahindi ya bisi na vijiko viwili vya mafuta, nami nashughulika na sufuria. Tunatangulia kutia punje tatu tu; zikipasuka, mafuta yamepata moto, ndipo tunatia zilizobaki na kufunika. Kila punje ina maji kidogo ndani ya ganda gumu, na joto likifika takriban nyuzi 180, shinikizo la mvuke hulipasua ganda na wanga uliolainika hufumuka. Kazi ya mtoto ni kusikiliza. Milio ikipungua hadi sekunde mbili au tatu kati ya mmoja na mwingine, ananiambia nizime, nami natii papo hapo.

Mzazi wa mtoto mwenye mzio

Nashukuru kwa zile biskuti za moja, mbili, tatu, kwani binti yangu wa miaka tisa ana mzio wa mayai na mapishi mengi ya watoto huanza na yai. Kazi yake ya kwanza jikoni ni kusoma lebo ya kila pakiti kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kama tuliinunua juzi, kwa kuwa viambato hubadilika. Katika pankeki tunaweka kijiko kikubwa kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa na vijiko vitatu vya maji mahali pa yai moja. Mchanganyiko ukikaa dakika tano hadi kumi huwa mzito na kushikilia unga vizuri. Rafiki yake naye hawezi kutumia maziwa. Je, kuna mwenye aiskrimu inayoweza kuwafaa wote wawili?

Mwanzilishi wa mada

Ipo, mama, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuifanya karibu yote. Menyeni ndizi zilizoiva hadi ganda lina madoa, azikate vipande vya unene wa sentimita moja na kuvipanga kwenye trei bila kugusana, kisha vikae ndani ya friza usiku kucha. Kesho yake mvisage kwa blenda. Mwanzoni vitakuwa kama chengachenga, na hapo mashine izimwe, yeye asukume pembeni kwa mwiko, iwashwe tena, na kuendelea hivyo hadi viwe laini kabisa. Mnaweza kuongeza kakao au embe lililogandishwa. Iliwe palepale, kwa sababu ikirudi kwenye friza hugeuka bonge gumu.