Watoto wa Bibi Mwanahawa

*Jumamosi*

*9:04 Da Zuhura:* Asalaam aleikum. Nasra anajiandikisha masomo Jumatano, hili tulimalize leo. Chuo anaanza Agosti 2026. Akitaka kuingia shule ya meno 2030 bila kukaa mwaka nyumbani, maombi anatuma mapema kiangazi cha 2029, akitoka mwaka wa tatu. Si wa nne! Wanaita watu kwa usaili kadiri maombi yanavyoingia. Anayechelewa anakuta nafasi zimeliwa.

*9:09 Da Zuhura:* Na mtihani wa kuingia shule ya meno, DAT, awe ameshaufanya. Una biolojia, kemia ya jumla, kemia ogania, hesabu, ufahamu, na yale maumbo ya kukunja na kukunjua kichwani. Fizikia haimo, ingawa shule zinaitaka. Kwa hiyo kemia zitangulie, fizikia isogee mwaka wa tatu.

*9:31 Athumani:* Kwenye maumbo kashapita. Si yeye aliyefungua redio ya marehemu Babu akairudisha, ikabaki skrubu moja 😂

*9:33 Juma Muscat:* Nasra, ukihitimu mwanya wangu usiuguse. Ndio ulionipa mke.

*9:34 Mama Nasra:* 😂😂😂

*9:40 Da Zuhura:* Jamani. Jumatano.

*9:52 Athumani:* Kwani Muhimbili kuna ubaya gani? Kidato cha sita, miaka mitano, mtu daktari wa meno. Huko Marekani chuo minne, meno minne juu yake.

*9:55 Da Zuhura:* Nasra kasoma hapa Columbus, kidato cha sita atakipata wapi? Na ukija Marekani na shahada ya nje, mara nyingi unarudi darasani miaka miwili au mitatu kabla ya leseni.

*9:58 Da Zuhura:* Jambo la pili. Mkopo wa serikali kwa shule hizi sasa una kikomo: dola 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla. Shule nyingi zinazidi hapo. Tuanze kuweka kidogo kidogo. Mimi natoa 50 kila mwezi. Nani mwingine?

*11:20 Da Zuhura:* Nawaona mmesoma.

*11:47 Athumani:* Michango tena, Da Zuhura? Wengine kiwanja cha Pongwe hakijatutoka.

*11:49 Baba Nasra:* Nilijua tu. Kila likitajwa jina la mwanangu, Pongwe.

*11:50 Athumani:* Sijakutaja kaka Salim.

*11:50 Baba Nasra:* Umenitaja.

*13:15 Mwajuma (kwa Bibi):* Shikamooni. Bibi nimemsomea zote. Kasema niandike hivi hivi: "Kiwanja cha Pongwe nilikiuza mimi, baba yenu yu hai, kwa ridhaa yake. Salim hakuniomba. Nisisikie tena. Na huyo mtoto asifanye kazi za usiku mwaka wa kwanza. Mmwangalie."

*14:02 Athumani:* Tumesikia Mama. Kaka, niwie radhi.

*14:40 Baba Nasra:* Yameisha.

*Jumapili*

*22:18 Nasra:* Shikamooni nyote. Samahani, nilikuwa zamu ghalani. Shangazi, kuna tatizo. Mtihani wa kupangiwa hesabu umeniweka darasa la chini, na bila kulipita siruhusiwi kuanza kemia. Kemia naanza Januari. Nusu ya pili ya kemia nikiichukua kiangazi 2027, ogania inaanza mwaka wa pili kama kawaida. Ila masomo ya kiangazi yanalipiwa mbali.

*22:20 Nasra:* Daktari wa meno wa mtaani kwetu kanikubalia nikae naye Ijumaa niangalie kazi. Juzi aling'oa gego, akanionyesha mizizi mitatu imepinda kama makucha. Saa zote naziandika, maombi yanaziuliza.

*22:24 Da Zuhura:* Mashaallah. Basi Jumatano jiandikishe hesabu na biolojia na maabara yake, usizidishe. Za usiku umeacha?

*22:41 Nasra:* Bado Shangazi. Gari linalipwa mpaka Desemba.

*22:43 Da Zuhura:* @Baba Nasra @Athumani @Juma gari na kiangazi. Nasubiri.

*23:30 Baba Nasra:* Niko njiani na mzigo. Nitakupigia kesho.

*Jumatatu*

*5:12 Juma Muscat:* Mimi weka 30, lakini kuanzia mwezi ujao.