Kwa nini kitufe cha kurudi nyuma kimeondolewa kwenye simu mpya za Android?

MwendaPole:
Habari za leo, wanajukwaa. Mwezi uliopita nilimnunulia mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, simu mpya ya Android baada ya ile ya zamani kupasuka kioo. Simu ya zamani ilikuwa na vitufe vitatu chini ya skrini, na mama alivijua kwa mahali vilipo hata akiwa hajavaa miwani. Hii mpya haina kitu pale chini isipokuwa kijistari chembamba. Juzi alifungua picha ya mjukuu wake kwenye WhatsApp, picha ikajaa skrini nzima, akaigusa na mshale wa juu ukatoweka. Alihangaika nayo weee, mwishowe akaizima simu ili atoke. Nimemwelekeza mara tatu namna ya kutelezesha kidole kuanzia ukingoni, lakini yeye huanzia katikati na badala ya kurudi nyuma inakuja picha nyingine. Naomba kuelimishwa: wabunifu walikuwa na sababu gani ya kuondoa kitu kinachoonekana na kuweka kisichoonekana? Na je, vitufe vinaweza kurudishwa?

FundiSkrini:
Pole na hongera kwa kumjali mama, ndugu. Vitufe vinarudi. Fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha Ishara, uchague usogezaji wa vitufe vitatu. Kwenye simu za Samsung utaukuta ndani ya Skrini, kwenye upau wa usogezaji.

Kuhusu sababu, HTC Dream ya mwaka 2008, simu ya kwanza ya Android, ilikuwa na vitufe vya kubonyeza kabisa, na cha kurudi nyuma kilikuwa miongoni mwao. Mwaka 2011 Android 4.0 ikavihamishia ndani ya skrini za simu. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kwa maana kitufe kilichochorwa kwenye kioo kinakula nafasi ya kioo, na watengenezaji walipoanza kushindana kutanua skrini hadi ukingoni, ule ukanda wa chini ukaonekana ni hasara. iPhone X ilipoacha kitufe cha nyumbani mwaka 2017, wengine wakafuata: Android 9 ikaja na kitufe kidogo cha kutelezesha mwaka 2018, na Android 10 mwaka 2019 ikaleta ishara tupu, yaani kutelezesha kidole bila kitufe chochote. Wazo lenyewe ni la zamani kidogo, kwani Palm Pre ya mwaka 2009 tayari ilikuwa na eneo la ishara chini ya skrini, na programu uliifunga kwa kuirusha juu kama karata.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Ningependa kuzitetea ishara kidogo. Mkono wangu ni mdogo na simu za siku hizi ni ndefu. Nikiwa nimesimama kwenye daladala nimeshika bomba kwa mkono mmoja, kidole gumba hakifiki pembe ya chini ya upande wa pili, ilhali ishara ya kurudi nyuma inakubali ukingo wa kulia na wa kushoto, popote gumba lilipo. Hata hivyo nakubaliana na muulizaji kwamba kitufe humfundisha mtu kwa kuonekana tu, lakini ishara lazima ifundishwe na mtu au na simu yenyewe. Mafunzo ya simu huja mara moja, siku ya kuiwasha, na siku hiyo kwa kawaida simu imeshikwa na kijana wa dukani au mtoto wa mwenye simu.

FundiSkrini:
Umenena kweli, dada. Mimi hutengeneza programu, na hata kwetu ukingo ni eneo la mgogoro, kwa sababu programu nyingi zilikuwa na menyu ya kuvutwa kutoka kushoto, mahali palepale ambapo mfumo sasa unasikiliza ishara ya kurudi. Google ilituruhusu kujitengea sehemu ya ukingo, ila kwa kiasi chenye kikomo, ili programu isije ikamfungia mtu ndani. Kosa, kwa maoni yangu, ni kuziweka ishara kuwa chaguo la kwanza bila kumwuliza mwenye simu, kwa michoro miwili mikubwa, anataka ipi.

MwendaPole:
Nawashukuru nyote. Nimevirudisha vitufe jana jioni. Mama alibonyeza cha kurudi nyuma ikaja orodha ya programu zilizofunguliwa, nikagundua kwamba kwenye simu hii kipo kulia, wakati kwenye ile ya zamani kilikuwa kushoto. Nimebadilisha mpangilio palepale kwenye Mipangilio. Nimegundua pia kwamba kava nililomnunulia lina kingo nene zilizoinuka, na kidole chake kilikuwa hakifiki mwanzo wa kioo. Alikuwa akifuata maelekezo yangu sawasawa, nami nikidhani amesahau.